Jicho Jeupe Linalouma: Mafunzo Niliyopata Noonkopir

1. Jicho jeupe si lazima liwe zima. Hapa Noonkopir jicho likiwasha tunalaumu vumbi la malori ya Barabara ya Namanga, na mara nyingi tunasema kweli. Langu la kushoto lilikwaruza kama lina mchanga, lilitoa machozi, na usiku taa za matatu zililichoma. Nikijitazama kwenye kioo, jeupe pe! Jirani akasema najidekeza.

2. Tochi ya simu haioni kitu. Daktari wa macho alianza kwa kupindua kope, maana Kajiado, kaunti yetu, inajulikana kwa trakoma. Hakukuta kovu. Akanitia tone la rangi ya manjano, nikaweka kidevu kwenye mashine, akawasha mwanga wa buluu. Vikajitokeza vidoadoa vya kijivu, vimeinuka kidogo, katikati ya konea, ule utando angavu ulio mbele ya mboni. Ni ugonjwa adimu ulioelezwa mwaka 1950 na daktari Mmarekani, Phillips Thygeson, na chanzo chake hakijajulikana mpaka leo.

3. Kwa kawaida ugonjwa huu hushika macho yote mawili. Mimi ulinishika moja. Hilo ndilo lililomfanya daktari asiharakishe kuandika dawa. Virusi vya hepesi navyo hupenda jicho moja, na hufisha hisia za konea. Kwa hiyo alinigusa konea kwa ncha ya uzi wa pamba. Niliruka! Akatabasamu: hisia zipo. Steroidi zikitiwa kwenye jicho lenye hepesi hai zinaweza kuliharibu kabisa, kwa hiyo uzi ule wa bei ya bure ulikuwa na kazi kubwa kuliko mashine.

4. Dawa inayotuliza upesi ndiyo ya kuchunga. Matone ya steroidi hafifu yalinipa nafuu haraka, na hapo ndipo mtu hushawishika kujinunulia chupa nyingine kemisti. Yakizidi, presha ya jicho hupanda bila maumivu, na mtoto wa jicho huweza kufuata. Mimi hupunguziwa dozi polepole, na presha hupimwa.

5. Ugonjwa huu huja, huondoka, hurudi, pengine kwa miaka. Kwa kawaida hauachi kovu wala haupofushi.

Ukienda kwa daktari wa macho, beba kila chupa ya matone uliyokwisha kutumia, hata ile uliyoazimwa na jirani.