SOMO: Nani Alinde Daftari la Tawi?

Ndugu wafanyakazi wa michikichi na viwanda vya mawese, Rumonge!

Tawi likiweka daftari la wanachama na michango katika kompyuta, tusimwachie muuza duka atuchagulie programu ya ulinzi. Mei 2017 kirusi WannaCry kilifunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Kinga yake Microsoft ilikwisha itoa Machi. Wengi walioumia hawakuwa wameiweka.

Basi kamati iulize: programu hii inapata masahihisho mapya? Imetoka kwa mtengenezaji, au ni nakala ya wizi kutoka flashi ya sokoni? Windows 11 huja na Defender yake, bila malipo ya ziada. Nakala ya daftari ikae kwenye diski nyingine, isiyoungwa na kompyuta.