SOMO: JE, TUMECHELEWA KUWEKA AKIBA YA UZEENI?



Sisi tuliofundisha shule hupokea pensheni kila mwezi. Si kwa sababu ya hekima yetu. Tulikatwa mshahara tangu ujana, tena kwa manung'uniko mengi. Leo twashukuru.

Jumamosi moja, katika soko la vyungu la Lyulilo, mama mmoja mfinyanzi mwenye miaka 52 alituuliza: "Mwalimu, ninyi mlikatwa. Sisi wa vyungu nani atatukata? Na kwa umri huu, si nimekwisha chelewa?" Siku ile hatukuwa na jibu. Somo hili ndilo jibu.

1. Mlango uko wazi

Mwaka 1964 Serikali ilianzisha mfuko wa akiba ya wafanyakazi, NPF. Ulikuwa wa walioajiriwa, nao ulilipa fedha kwa mkupuo. Kwa sheria ya mwaka 1997 ukageuzwa kuwa NSSF, mfuko unaolipa pensheni ya kila mwezi. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa ikawa PSSSF, na NSSF ikaachiwa sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri. Basi mvuvi, mkulima wa mpunga au kokoa, fundi cherehani na mfinyanzi, wote waweza kujiandikisha kwa hiari yao.

2. Hesabu

Ili kupata pensheni ya kila mwezi, yatakiwa michango ya miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Umri wa uzee kwa mfuko ni miaka 60. Anayeanza akiwa na miaka 45 na asikose mwezi hata mmoja hutimiza hesabu akiwa na 60.

Mama yetu je? Kutoka 52 hadi 60 ni miaka 8, nayo ni miezi 96. Haifiki 180. Akiishia hapo atalipwa kwa mkupuo, si kila mwezi. Tusidanganyane juu ya jambo hili. Hata hivyo, akiweka shilingi 30,000 kila mwezi, michango yake itakuwa 2,880,000. Hiyo si pensheni, lakini ni akiba, na akiba haiozi.

3. Mambo ya kufanya

(a) Kama uliwahi kuajiriwa, labda katika mashamba ya chai ya Rungwe, na hukuchukua michango yako, nenda ukaiulizie. Miezi ile ni mali yako, na huenda ndiyo itakayokufikisha 180.

(b) Fedha zetu huja kwa msimu. Ukiuza kokoa au mpunga, tenga michango ya miezi ijayo kabla ya sherehe na nguo mpya.

(c) Usimpe mtu fedha mkononi akulipie. Sisi wenyewe tulimwamini mtu mmoja kwa jambo kama hili, na risiti hatukuiona hadi leo. Lipa kwa simu au benki, kisha utunze risiti.

(d) Aliyechelewa apande pia kitu kitakachozaa. Mkokoa huanza kuzaa kati ya mwaka wa 3 na wa 5, nao huendelea kwa miaka mingi. Mwenye kipande cha ardhi akipanda leo akiwa na 52, atavuna kabla ya 60.

Tulimpelekea mama yule hesabu hii. Aliitazama ile 96 kwa muda mrefu, asiseme neno. Kisha akamwita binti yake mwenye miaka 34 aliyekuwa akipanga vyungu. "Mwalimu," akasema, "mwandike huyu kwanza. Halafu uniandike na mimi."

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni nani katika nyumba yetu mwenye umri chini ya miaka 45? Amekwisha jiandikisha?
2. Msimu uliopita, fedha zetu zilikwenda wapi?
3. Tukishindwa kufanya kazi, nani atatulisha, naye anajua?