Kabla Usharika Haujanunua Gari, Tuulize Litauzwa kwa Bei Gani



Maombi ya kununua gari dogo la fowili yameongezeka katika ofisi ya miradi. Sababu zake tunazijua. Mchungaji ana mitaa sita, mwinjilisti anatembea saa tatu kwenda kubatiza, na wakati wa masika pikipiki haipandi mlima ikiwa na watu wawili. Karibu kila ombi linaeleza bei ya kununulia hadi shilingi ya mwisho. Lakini ni nadra kuona ombi linaloeleza gari hilo litauzwa kwa kiasi gani baada ya miaka mitano. Somo la robo hii ni juu ya safu hiyo inayokosekana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Usharika umeonyeshwa magari mawili ya mtumba, moja la shilingi milioni 26 na jingine la milioni 20. Kamati inachagua la milioni 20 na kutangaza ibadani kwamba imeokoa milioni 6. Miaka mitano inapita. Gari la kwanza lingeuzwa milioni 17, na la pili linapata mnunuzi wa milioni 7 baada ya kukaa kwa dalali miezi minne. La kwanza limepoteza milioni 9, sawa na 1,800,000 kwa mwaka. La pili limepoteza milioni 13, sawa na 2,600,000 kwa mwaka. Gari la bei nafuu limekula milioni 4 zaidi, na bado hatujagusa vipuri. Sasa kamati inataka gari lingine, na mkononi ina milioni 7. Harambee inaitishwa tena kwa wakulima walewale waliotoa mavuno yao mara ya kwanza, na safari hii wanauliza maswali.

Hata hivyo, hesabu hii isitumike kijingajinga. Kama ile tofauti ya milioni 6 itabidi ikopwe, riba iingizwe. Milioni 6 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, deni likiwa halijapunguzwa, ni 1,080,000 kila mwaka. Kwa miaka mitano ni 5,400,000, na ile faida ya milioni 4 imekwisha kuliwa. Gari linaloshika bei lina faida kwa mwenye fedha taslimu, au kwa usharika wenye subira ya kuchanga mwaka mmoja zaidi.

Ni nini kinachofanya gari lishike bei kwetu? Kwanza kabisa ni vipuri na mafundi. Mnunuzi wa Mombo au wa Korogwe hanunui gari tu, ananunua pia uhakika kwamba shokapu zake zinapatikana dukani na fundi wa gereji ya mtaani amekwisha kulifungua mara nyingi. Pili ni unywaji wa mafuta. Tatu ni herufi za namba ya gari. Swali la kwanza la dalali ni "namba gani?", kwa sababu herufi zinamwonyesha gari lilisajiliwa nchini lini. Magari mawili yaliyotengenezwa Japani mwaka mmoja yanaweza kupishana bei kwa sababu moja limekula barabara zetu miaka mingi kuliko jingine. Rangi pia ina sehemu yake: nyeupe, fedha na nyeusi hupata wateja haraka.

Sasa tuyatazame magari yenyewe.

Toyota RAV4, iliyoanza kuuzwa mwaka 1994, ndiyo wengi wanayoitaka na ndiyo inayouzika kwa urahisi zaidi. Lakini jina lisiwapumbaze. Katika kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 2000, RAV4 nyingi za lita 2 zilizouzwa Japani zina injini ya D-4, ambayo petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Pampu na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu, na mafuta ya kwenye madumu ya vijijini sote tunayajua. Wanunuzi wengi huikwepa, kwa hiyo ukinunua D-4 kwa bei ya RAV4 ya kawaida umepoteza fedha siku hiyohiyo. Tena kuna RAV4 za lita 1.8 zinazosukumwa na magurudumu ya mbele peke yake. Kwa macho ni pacha na zile za magurudumu manne. Mtu ainame chini ya gari aone kama kuna difu ya nyuma. Usharika unaweza kununua fowili ya jina tu, ukagundua kwenye tope la Aprili.

Suzuki Escudo, inayoitwa Vitara au Grand Vitara katika masoko mengine, ni gari la kazi zaidi kuliko sura yake. Zile zilizotengenezwa kabla ya 2005 zina chasisi ya ngazi chini ya bodi, na nyingi zina gia nzito ya kupandia mlima. Hicho ni kitu ambacho RAV4 haina. Escudo hunywa mafuta kidogo zaidi, hasa yenye silinda sita, na bei yake ya kuuza iko chini ya RAV4. Kwa sharika za milimani mimi ningeichagua bila kusita, kwa sababu gari linalofika ndilo tulilolihitaji tangu mwanzo.

Suzuki Jimny ya cc 1300 ni ndogo, ina chasisi ya ngazi, ekseli nzima mbele na nyuma, na gia nzito. Inapanda mahali ambapo magari makubwa yanageuza. Hushika bei vizuri kwa kuwa wanaoitaka ni wengi kuliko zilizopo. Ila ina viti vinne, na abiria wa nyuma wakikaa, mizigo haina nafasi. Inamfaa mwinjilisti. Kamati inayofikiria pia kubeba wagonjwa kwenda hospitali isijidanganye.

Honda CR-V na Nissan X-Trail zina nafasi na starehe, na bei ya kununulia mara nyingi ni ya kuvutia. Uvutio huo ndio onyo lenyewe, kwani kinachoshusha bei yadini leo kitaishusha tena siku mnauza ninyi. Katika CR-V magurudumu ya nyuma husaidia pale ya mbele yanapoteleza, na gia nzito hakuna. X-Trail nyingi za miaka ya karibuni zina giaboksi ya CVT, inayotaka oili yake maalum. Fundi akitia oili ya giaboksi ya kawaida, gharama yake inaweza kukaribia nusu ya bei ya gari. Subaru Forester inasukuma magurudumu manne wakati wote na vijana wa mjini wanaipenda sana, lakini injini yake iliyolala inahitaji fundi anayeijua. Kama fundi huyo yuko Arusha na ninyi mko Mlalo, liacheni.

Kuna pia Daihatsu Terios, ambayo Toyota iliiuza kwa jina la Cami. Ni gari moja lenye nembo mbili, na mara nyingi nembo ya Toyota inaliongezea bei. Mnaonunua, tazameni Terios. Mnaouza, mshukuruni aliyebandika nembo.

Kwa wanaoagiza Japani, bei ya yadi si bei ya gari. Hapa nchini ushuru wa bidhaa hupanda injini inapozidi cc 2000, na magari yenye umri wa miaka 8 na zaidi hutozwa nyongeza. Kikokotoo cha TRA kipo kwenye tovuti yao, kwa hiyo hakuna sababu ya kamati kukadiria kwa kubahatisha.

Jambo linalofuata linawahusu zaidi wahisani wetu. Gari lililoingizwa kwa msamaha wa kodi haliuzwi kama magari mengine. Likihamishiwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi hudaiwa, na kibali cha TRA hutangulia mauzo. Kwa hiyo gari linaloonekana lina thamani ya milioni 20 sokoni linaweza kuuachia usharika fedha pungufu sana. Tunaomba mikataba ya misaada iseme tangu mwanzo nani atalipa kodi hiyo, na fedha za mauzo zitarudi katika mfuko gani. Tena, kwa upendo wote, nembo za mradi zibandikwe kwa stika badala ya kupigwa rangi mlangoni. Kupaka milango miwili upya ni gharama, na mnunuzi akiona rangi mpya hushuku ajali.

Likishanunuliwa, thamani yake hulindwa na daftari. Kila oili iliyobadilishwa iandikwe tarehe, kilometa na jina la gereji, na risiti zigandishwe. Mnunuzi mwenye fedha humwamini muuzaji mwenye karatasi. Kadi ya gari iwe kwa jina la wadhamini wenye haki ya kumiliki mali ya kanisa, si kwa jina la mchungaji, la sivyo siku ya kuuza mtamtafuta mtu aliyehamishwa zamani. Na msingoje gari life. Tairi, klachi na springi zikianza kudai fedha kwa pamoja, wakati mzuri wa kuuza umekwisha kupita kwa mwaka hivi.

Kuanzia robo ijayo fomu ya maombi ya gari itakuwa na safu mbili mpya: bei mnayotarajia kuliuzia, na bei tatu za magari ya aina hiyo mlizoziona sokoni, zikiwa na mwaka na kilometa. Sharika zinazotaka fundi wa dayosisi akague gari kabla ya kulipa zitoe taarifa wiki mbili mapema. Usharika utagharamia nauli yake na chakula tu.