Tilapia na Kambare Katika Tangi Moja: Nani Anakula, Nani Analala Njaa?



Somo letu la mara hii limetoka kwa kinamama wanaouza katika Soko la Toi, pale ukingoni mwa Kibera. Kikundi chao kiliweka tangi la plastiki la lita 1000, wakatia tilapia 20 na kambare 3, yule ambaye wengi hapa humwita mumi. Nia yao si kuuza samaki wa tangi. Wana kipande cha shamba mashambani, wanataka kuchimba kidimbwi, na wameona afadhali wajifunze kwanza kabla ya kugusa akiba ya kikundi. Tuliwapongeza kwa hilo. Baada ya miezi michache wakatuita na swali: "Chakula tunawapa kila siku, tena kingi. Mbona mumi wamenenepa na tilapia wamebaki kama vidole?"

Tulipowauliza wanalisha vipi, walisema mama anayefunga kibanda wa mwisho hupita jioni na kumwaga bakuli zima mara moja. Hapo tukaelewa. Chakula kilikuwa kingi, lakini hakikugawanywa.

KILA SAMAKI NA MEZA YAKE

Tilapia hutafuta chakula mchana, akiwa na mwanga. Hula majani laini ya majini, vijidudu, pumba, na chakula kinachoelea au kinachoshuka polepole. Kambare ni tofauti. Macho yake ni madogo, lakini ana sharubu nane za kupapasia, na giza halimsumbui hata kidogo. Hukaa chini na huchangamka jua likizama. Basi ukilisha mara moja tu, tena jioni, umemwandalia kambare karamu na umemfungia tilapia mlango.

Tena hawahitaji chakula sawa. Kambare anataka chakula chenye protini nyingi, yaani sehemu 35 hadi 40 kwa kila 100. Tilapia anayekua huridhika na sehemu 25 hadi 30. Ukiwapa wote chakula cha kambare unapoteza pesa. Ukiwapa wote pumba tupu, kambare atatafuta nyama mahali pengine, na nyama iliyo karibu ni tilapia wadogo.

Jambo lingine ambalo huwatia watu wasiwasi bure: tilapia jike hubeba mayai na watoto kinywani kwa wiki moja au mbili, na wakati huo hali kitu, au hula kidogo sana. Ukimwona amejitenga na kidevu kimevimba, msimwondoe mkidhani ni mgonjwa. Ni mama huyo.

SOKONI KUNA NINI?

Kwa bahati nzuri, Toi si mitumba peke yake. Kuna wauzaji wa omena, kuna mama mboga, kuna wanaokaanga samaki, na Kawangware pia ni hivyo hivyo. Kwenye maduka ya chakula cha mifugo utapata pumba za ngano, mashudu ya alizeti na ya pamba, na ochonga, wale uduvi wadogo wa Ziwa Victoria.

Mchanganyiko rahisi ambao wakulima wengi wa Kenya wametumia ni kilo 3 za pumba kwa kilo 1 ya ochonga au omena iliyosagwa. Unapata protini kama sehemu 25 kwa 100, na tilapia atakua. Kwa kambare chukueni mchanganyiko huo huo, ongezeni omena au ochonga mpaka ikaribie nusu, kisha ukandeni kwa uji mzito wa unga mtengeneze vidonge vinavyozama. Uji ni wa kushikanisha tu, usiwe mwingi. Matumbo ya kuku na ya samaki yanafaa kwa kambare, lakini yachemsheni kwanza. Majani ya nje ya sukuma wiki ambayo mama mboga huyatupa, yakatwe madogo sana, tilapia atayala. Na mvua zikija na kumbikumbi, basi hiyo ni sikukuu ya wote wawili (ikiwa watoto watawaachia).

Lakini tusisahau kwamba omena ni chakula cha watu. Mtoto wa Kibera anapata nguvu ya mwili wake kwa kikombe hicho cha omena ambacho mamake amekinunua. Hatuoni maana ya kumnyima mtoto leo ili samaki anone wa kuuzwa mwakani. Waombeni wauzaji vumbi na vipande vinavyobaki chini ya gunia. Ni vya bei ya chini, na kwa samaki havina kasoro, mradi viwe vikavu na visiwe na mchanga mwingi.

Kitu kimoja tunakataza kabisa: unga wenye ukungu. Wengine husema, "Hii imeharibika kwa watu, tuwape samaki." Ukungu wa mahindi na njugu huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo huharibu ini la samaki kama inavyoharibu la mtu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 hapa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Si jambo la mchezo.

NAMNA YA KUGAWA

Asubuhi mapema msilishe. Alfajiri hewa ndani ya maji huwa ndogo na samaki hana nguvu ya kula. Ngojeni saa nne, jua likiwa limepasha maji. Nyunyizeni chakula cha tilapia kidogo kidogo upande mmoja, kila siku upande ule ule ili wapazoee. Rudieni saa kumi alasiri. Jua likianza kuzama, teremsheni vidonge vya kambare kwenye sinia lililofungwa kamba, upande wa pili. Baada ya nusu saa vuteni sinia mwangalie. Likiwa na mabaki, kesho punguzeni. Likiwa limelambwa safi siku tatu mfululizo, ongezeni kidogo. Sinia litawaambia mengi kuliko macho yenu juu ya maji.

Kiasi je? Tilapia wa gramu 50 apewe kama sehemu 4 kwa 100 za uzito wake kwa siku. Tilapia 20 wa uzito huo ni kilo 1, kwa hiyo chakula chao ni gramu 40 tu kwa siku nzima. Bakuli la wale kinamama lilikuwa mara kadhaa zaidi! Sasa pigeni hesabu ya kidimbwi. Tilapia 1000 wa gramu 50 ni kilo 50, wanataka kilo 2 kwa siku, yaani kilo 60 kwa mwezi. Wakifika gramu 200 kila mmoja, hata mkishusha hadi sehemu 2 kwa 100, ni kilo 4 kila siku. Nani atanunua, na kwa pesa gani? Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila eneo bunge kati ya 140 yaliyohusika, kila kimoja mita 300 za mraba na vifaranga 1000. Vingi viliachwa baadaye, na bei ya chakula ilikuwa sababu kubwa mojawapo. Kuchimba ni kazi ya wiki moja, kulisha ni kila siku.

Mwezi wa Juni hadi Agosti Nairobi huwa baridi, na maji ya tangi hupoa. Tilapia hupunguza kula maji yakishuka chini ya nyuzi 20. Msimlazimishe.

MKUBWA ASIMMEZE MDOGO

Kwa nini basi kuwaweka pamoja? Kwa sababu tilapia huzaa mapema na huzaa mno. Kidimbwi hujaa vitoto, wote wanagombania chakula, hakuna anayekua. Kambare wachache hula hao watoto na kuwapa nafasi waliobaki. Kambare mwenyewe kwa kawaida hazai katika maji yaliyotulia, basi idadi yake haiongezeki. Kwenye kidimbwi, kambare mmoja kwa tilapia kumi hadi ishirini anatosha. Watieni tilapia kwanza, wakue kidogo, ndipo mlete kambare wadogo kuliko wao. Samaki yeyote anayeingia kinywani mwa kambare ni chakula chake. Na kambare wakipishana sana kwa ukubwa watamezana wenyewe.

Wazee wa Nyanza wanalijua jambo hili kwa uchungu. Mbuta aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amemaliza aina nyingi za samaki wadogo wanaoitwa furu. Omena alisalia, na ndiye huyu tunayempima kwa kikombe pale Toi.

MAJI NDIYO PESA

Lita 1000 ni jerikeni 50, na Kibera jerikeni inanunuliwa. Chakula kisicholiwa huoza, hula hewa ya maji, na hutoa sumu. Mkiona tilapia wote wako juu wakihema asubuhi, acheni kulisha siku hiyo na badilisheni theluthi moja ya maji. Maji ya mfereji yakae wazi siku nzima kwanza ili dawa yake itoke. Ya Bwawa la Nairobi yasitumike kabisa, ni machafu.

Na msidanganywe na kambare. Yeye huja juu akavuta hewa kama sisi, kwa hiyo anaweza kuishi katika maji ambayo tilapia amekwisha kufa. Mumi akicheza si ushahidi kwamba maji ni mazuri. Mtazameni tilapia.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu nani yuko nyumbani saa nne asubuhi, saa kumi, na jua likizama? Kama hakuna, tutagawana zamu vipi?

2. Sokoni kwetu ni mabaki gani yanayotupwa ambayo samaki anaweza kula, na ni yapi ambayo watu au kuku wetu wanayahitaji zaidi?

3. Pigeni hesabu ya chakula cha tilapia 1000 kwa miezi sita kwa bei ya soko lenu. Je, akiba ya kikundi inatosha kabla ya samaki wa kwanza kuuzwa?