Safari ya Miguu Kando ya Bahari

Asubuhi baba na mwanawe wanashuka treni Oostende, mji wa Ubelgiji ulio kwenye Bahari ya Kaskazini. Wanavuka mlango wa bandari kwa mashua, halafu wanakwenda kwa miguu, bahari ikiwa mkono wa kushoto, mpaka Blankenberge: kilometa 20 hivi. Huko watapanda treni tena.

Maji yamekupwa, maana yake yamerudi nyuma. Mchanga ni mgumu, miguu haizami. Lakini bahari si kama Ziwa Tanganyika. Baada ya saa sita hivi maji yamejaa, yamepanda karibu meta 4, nao wanasukumwa kwenye mchanga mwepesi. Hapo kutembea ni kazi kweli!

Mkono wa kuume viko vilima vya mchanga vyenye majani makali. Mtoto anataka kukata njia humo. Baba anamshika mkono.

– Usikanyage, mwanangu. Mizizi ya majani haya inashika mchanga, na mchanga unazuia bahari. Mashamba ya huko nyuma yako chini kuliko maji yanapojaa.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, dhoruba iliingiza bahari katika mji wa Oostende, na watu wakafa maji.

Wanafika Wenduine, mtoto anakung'uta mchanga viatuni. Zimebaki kilometa 4.

Maulizo: Kwa nini baba alimkataza mtoto? Mizizi ya majani inafanya kazi gani?