Sekunde Nane za Kipa: Mwongozo kwa Makocha wa Makipa na Waamuzi

Kuanzia Julai 1, 2025, kipa anayekaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane anaadhibiwa kwa kona. Mabadiliko hayo yalipitishwa Machi 2025 mjini Belfast katika mkutano wa IFAB, bodi ya kimataifa inayosimamia sheria za soka. Mwongozo huu unawahusu makocha wa makipa na waamuzi wa ligi za chini, ambako timu ikishapata bao moja la kuongoza, kipa huanza kulalia mpira na mashabiki waliolipa kiingilio wanabaki kumtazama.

Ni vizuri kuelewa kwanza kwa nini adhabu ikawa kona. Sheria iliyotumika tangu mwaka 2000 ilimpa kipa sekunde sita, na akizidisha, wapinzani walipewa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja ndani ya boksi. Mpira wa aina hiyo huwakusanya wachezaji 11 kwenye mstari wa goli, na vurugu huwa haziko mbali. Waamuzi wengi waliiona adhabu ni nzito kuliko kosa, wakaamua kufumba macho. Agosti 6, 2012, kwenye nusu fainali ya Olimpiki ya wanawake iliyochezwa Old Trafford, Kanada ilikuwa mbele ya Marekani 3-2, mabao yote matatu yakiwa ya Christine Sinclair. Kipa wa Kanada, Erin McLeod, akaadhibiwa kwa kukaa na mpira. Mpira ulipopigwa ukamgonga mchezaji wa Kanada mkononi, ikawa penalti, Abby Wambach akasawazisha, na Marekani ikashinda 4-3 katika muda wa ziada. Swali lililobaki midomoni mwa watu ni kwa nini yeye, wakati makipa wengine walifanya hivyo kila wiki bila kuguswa.

Kona haimtii mwamuzi woga wa namna hiyo. Juni 2025, kwenye Kombe la Dunia la Klabu, mashindano yaliyoianza sheria hii mapema, Ronwen Williams wa Mamelodi Sundowns alikutwa na adhabu hiyo mjini Orlando dhidi ya Ulsan ya Korea Kusini. Kona ikapigwa, mechi ikaendelea, na Sundowns wakashinda 1-0.

Hesabu inaanza pale mwamuzi anaporidhika kwamba kipa ameumiliki mpira. Sekunde tatu za kwanza anahesabu kimya; tano za mwisho anainua mkono juu na kuzionyesha kwa vidole ili kila mtu aone. Kuudundisha mpira chini au kuurusha juu na kuudaka tena hakusimamishi hesabu, maana bado ni mali ya kipa. Akiuweka chini ili aucheze kwa mguu, hesabu imekwisha, lakini mshambuliaji ana haki ya kumfuata, na kipa haruhusiwi kuushika tena kabla haujaguswa na mchezaji mwingine. Kona hupigwa upande ulio karibu na pale kipa alipokuwa. Mpira wa goli haumo katika sheria hii.

Sasa twende mazoezini, maana hapo ndipo penye kazi. Washa saa ya kupimia muda kwenye simu yako na umpigie kipa wako krosi kumi. Usimwambie unapima nini. Mara nyingi utaona hivi: anadaka vizuri, kisha anajiangusha kifudifudi na mpira kifuani, ingawa hakuna mshambuliaji karibu. Anatulia hapo. Anainuka kwa goti moja, anavuta soksi, ndipo anainua kichwa kutafuta mtu wa kumpa. Saa inasoma sita. Sekunde mbili zilizobaki hazimtoshi kufika ukingoni mwa boksi, kuchagua na kupiga.

Muda huo umeliwa na macho yaliyochelewa. Kipa anatakiwa kujua mpira unakwenda kwa nani kabla haujamfikia. Weka wachezaji wawili pembeni, kulia na kushoto, waliovaa fulana za rangi tofauti. Krosi ikiwa bado angani, mmoja wao ainue mkono. Kipa adake na amrushie huyo huyo. Akikosea rangi, rudia. Lengo la mazoezi liwe sekunde tano, maana siku ya mechi kuna kelele, matope na viwiko, na tatu zilizobaki zitahitajika. Pima kwa saa, usihesabu kwa mdomo: anayehesabu haraka anampunja kipa, na anayehesabu polepole anamdanganya.

Lakini usimlaumu kipa peke yake. Mabeki wanaompa mgongo na kutembea mikono kiunoni wanamwacha bila pa kupeleka mpira. Mara kipa anapodaka, beki wa pembeni afungue upana na kiungo mmoja ageuke kumtazama.

Wapo makocha wanaomfundisha kipa kujifanya ameumia ili apoteze muda, wakijua kipa hatolewi nje baada ya kutibiwa kama wachezaji wengine. Huo ni udanganyifu na kocha asiufundishe. Siku kipa huyo atakapoumia kweli, mwamuzi na daktari watachelewa kumwamini.

Kwa mwamuzi: usianze kuhesabu wakati kipa bado amebanwa na miili ya washambuliaji. Mshambuliaji anayemzuia kuuachia mpira ametenda kosa, na adhabu inakwenda kwake. Jiweke mahali ambapo kipa anauona mkono wako. Hesabu ikishaanza usiirudishe nyuma, na ikifika mwisho usimwongezee huruma. Akirudia rudia, kadi ya njano ipo mfukoni. Zaidi ya yote, inua mkono katika dakika ya 5 kama utakavyouinua katika dakika ya 89, kwa timu ya nyumbani na kwa timu ngeni.