Malezi ya Kutwa: Fahamu Maana ya Neno Hili

Mitaani wengi husema "dekea". Kwa Kiswahili, huduma hiyo ni malezi ya kutwa. Jina hili lina maneno mawili, na kila moja lina ahadi ambayo mzazi anafaa kuijua kabla ya kumkabidhi mtu mtoto wake.

"Kutwa" hutokana na kutwa kwa jua, yaani kuzama kwake. Maana yake ni mchana wote, kama tusemavyo "shule ya kutwa" kuitofautisha na ya bweni. Mtoto hupokelewa asubuhi na kuchukuliwa siku iyo hiyo. Makao ya watoto, ambako mtoto huishi, ni huduma tofauti.

"Malezi" hutokana na kulea, na kulea si kuweka. Mzigo huwekwa; mtoto hulelewa. Sharti alishwe, asafishwe, alazwe, achezeshwe, asemeshwe, na awe machoni pa mtu mzima wakati wote. Watoto wakifungiwa chumbani huku mlezi yuko sokoni, hayo si malezi hata kama ada imelipwa.

Malezi ya kutwa pia si chekechea. Chekechea hufunza watoto wa miaka 4 na 5. Kituo cha malezi hupokea hata wanaonyonya. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3, ilhali wataalamu wa afya hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Ndiyo maana mama anayerudi kazini anahitaji kituo kinachojua kuhifadhi maziwa aliyokamua.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti.

Mzazi, kabla ya kumwacha mtoto, uliza:

- Mlezi mmoja anaangalia watoto wangapi?
- Jiko na maji viko wapi, na mtoto anaweza kuvifikia?
- Mlezi akiugua, nani hushika nafasi yake?
- Nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni?

Kisha pita siku moja saa sita mchana bila taarifa. Utakachokiona ndicho kitakachokwambia kama jina la kituo ni la kweli.

Ukishuku kwamba mtoto anadhulumiwa au ametelekezwa, piga simu 116 bila malipo.